Mzee Akikalishwa, Mapaja Ndiyo Hutangulia Kuondoka

Ukitaka kujua kama mzee bado anajitegemea, usimuulize anatembea umbali gani. Ulizia anavyokwenda chooni. Huku kwetu nyanda za juu kusini, kuanzia Umalila mpaka Makete, vyoo vingi bado ni vya kuchuchumaa, na kuchuchumaa kisha kuinuka bila kushika ukuta ni kazi ya mapaja, makalio na vifundo vya miguu kwa pamoja. Siku mzee anaposhindwa kuinuka pale, mambo mengi hubadilika kwa mpigo mmoja. Anawekewa ndoo chumbani. Anapunguza maji ya kunywa ili asisumbue watu usiku. Anaacha kwenda kanisani kwa sababu hajui choo cha huko kikoje. Wala hakuna ugonjwa mpya uliomwingia. Ni nguvu ya miguu tu iliyokwisha.

Bibi yangu mzaa baba alifikia hapo akiwa na miaka 78, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yetu. Maisha yake yote alilima viazi na pareto kwenye miteremko ya Uporoto, akipanda asubuhi na jembe begani, akishuka jioni na mzigo wa kuni kichwani. Babu alipofariki, wanawe wakaamua aje kukaa mjini Mbeya. Alipewa chumba kizuri, blanketi nzito, kiti cha mito karibu na jiko la mkaa, na binti wa kumsaidia. Kila aliponyanyuka kutaka kuosha kikombe aliambiwa: "Mama, pumzika, umeshafanya kazi ya kutosha." Alipumzika miezi minane. Mwezi wa tisa ilibidi ashikwe mikono yote miwili ndipo ainuke kwenye kile kiti.

Hali hiyo haiko kwa familia yetu peke yake, wala haiko majumbani tu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, inaiweka familia mbele katika malezi na kuyafanya makazi ya wazee kuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo anayelelewa anaweza kuwa kwenye makazi ya Serikali, kwenye nyumba inayoendeshwa na masista, au kwenye chumba cha nyuma kwa mwanawe wa tatu. Kinachowaunganisha wote ni kwamba kuna mtu mwingine anayechota maji, anayepika, anayefua na anayefagia. Huo ni msaada wa kweli na hakuna anayeupinga. Ila kila kazi anayoondolewa mzee huondoka na zoezi lililokuwa ndani yake, na mara nyingi hakuna anayelirudisha kwa njia nyingine.

Misuli haitunzwi kwa kupumzishwa

Misuli ya mwili hujengwa na kubomolewa kila siku, kama nyumba ya udongo inayokandikwa upande huu huku mvua ikila upande ule. Kinachouambia mwili ujenge ni mambo mawili: kazi nzito kiasi, na chakula chenye protini. Kijana akikaa wiki nzima bila kufanya kitu, akirudi shambani siku chache tu mwili unamkumbuka. Mwili wa mzee husikia kwa taabu. Anahitaji kazi ya uhakika na protini ya kutosha ili ujenzi ule ule uendelee, na akiacha, ubomoaji unakwenda mbio.

Mbio kiasi gani? Mwaka 2007 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wazee 12 wenye afya njema walijitolea kulala kitandani siku 10. Hawakuwa wagonjwa, na chakula walipata. Siku 10 zilipokwisha walikuwa wamepoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguuni. Sasa fikiria mzee aliyelazwa kwa nimonia wiki mbili, anakula uji tu, kisha anarudi nyumbani na watu wanamwambia akae atulie mpaka apate nguvu. Nguvu hazitamjia akiwa amekaa.

Kuna jambo jingine linalofichika. Ndani ya msuli kuna nyuzi za namna mbili kwa kusema kwa ufupi: zinazofanya kazi polepole kwa muda mrefu, na zinazofyatuka haraka kwa nguvu. Uzee hula zaidi zile za haraka. Hizo ndizo zinazokudaka unapoteleza, zile zinazourusha mguu mbele kabla hujajua umejikwaa. Ndiyo maana mzee anaweza kutembea polepole vizuri kabisa mpaka sokoni, halafu akaangushwa na ganda la ndizi mlangoni kwake.

Watu wengi niliozungumza nao kuhusu hili husema, "Lakini yule amelima maisha yake yote, mwili wake ni chuma." Ni kweli kwamba kilimo cha milimani kinajenga mwili. Kushuka mteremko na mzigo, hasa, kunayafanyisha mapaja kazi kuliko kupanda, kwa sababu msuli unarefuka huku umebeba uzito. Mwulize mgeni aliyeshuka Mlima Rungwe jinsi mapaja yanavyomuuma kesho yake. Mchuma chai wa Mufindi naye husimama na kutembea mchana kutwa. Wanaingia uzeeni na mtaji mkubwa. Lakini wahenga waliposema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia misuli. Hii inaoza, tena kwa wiki, si kwa miaka.

Wazee wa Boston

Kwa muda mrefu hata madaktari waliamini kwamba mtu akishavuka miaka 85 misuli haiwezi tena kukua. Apewe matembezi mepesi na maneno mazuri. Waliotikisa imani hiyo walikuwa watafiti wa Boston wakiongozwa na daktari Maria Fiatarone. Mwaka 1990 walichapisha jaribio lililofanyika kwenye nyumba ya kulelea wazee. Walichukua watu 10 dhaifu wenye miaka kati ya 86 na 96, wakawapa mazoezi ya kunyoosha goti wakiinua uzito, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane. Uzito wenyewe haukuwa wa kubembelezana: ulikuwa asilimia 80 ya uzito mkubwa kabisa ambao mzee angeweza kuinua mara moja.

Tisa walimaliza. Nguvu ya miguu yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 174, yaani karibu mara tatu ya walipoanzia. Wawili waliacha kutumia mikongojo. Kati ya watatu waliokuwa hawawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, mmoja aliweza. Walipoacha mazoezi kwa wiki nne tu, karibu theluthi moja ya nguvu ikapotea.

Jaribio la watu 10 ni dogo, na wakosoaji walisema hivyo. Kundi hilo hilo la watafiti likarudi mwaka 1994 na wazee 100 wa nyumba hiyo, wastani wa umri miaka 87. Safari hii baadhi walipewa mazoezi, baadhi kinywaji cha lishe, baadhi vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote kati ya hivyo. Waliofanya mazoezi kwa wiki 10 waliongeza nguvu kwa zaidi ya asilimia 100, wakatembea haraka zaidi na kupanda ngazi vizuri zaidi. Waliopewa kinywaji cha lishe peke yake hawakuongeza nguvu. Jambo hili napenda lisomwe mara mbili na watoto wanaowatumia wazazi makopo ya maziwa ya unga kutoka mjini wakidhani wamemaliza. Chakula ni tofali, lakini bila fundi tofali hubaki limerundikwa.

Tahadhari moja. Wale wazee walisimamiwa na wataalamu na vifaa. Huwezi kumbebesha mama wa miaka 88 wa Njombe ndoo ya lita 20 kwa sababu umesoma habari za Boston. La kujifunza ni kwamba uzee peke yake hauzuii misuli kukua, na kwamba zoezi lisilochosha msuli haliujengi. Kwenye nyumba nyingi za wazee, mazoezi maana yake ni kukaa duara na kupunga mikono huku watu wakiimba. Yanachangamsha, yanaleta kicheko, na sitaki yaachwe. Ila miguu iko pale pale kwenye kiti, haijaambiwa kitu.

Pumzi, nguvu na mizani

Mkanganyiko mkubwa unatokana na neno lenyewe "mazoezi". Tunalitumia kwa vitu vitatu tofauti, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kuna mazoezi ya pumzi: kutembea kwa haraka, kucheza ngoma, kupanda kilima. Haya ndiyo ya moyo na mishipa. Tumeyajua tangu mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walipoonyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokaa kwenye usukani wa mabasi hayo hayo. (Konda wetu wa Mwanjelwa naye hakai, ingawa sipendekezi mazoezi ya kuning'inia mlangoni.) Kuna mazoezi ya nguvu, ambayo nimeyaeleza. Na kuna mazoezi ya mizani ya mwili, yaani uwezo wa kubaki wima unaposukumwa, unapogeuka, unapovaa suruali umesimama.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani ya pumzi kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili au zaidi, na mazoezi yanayochanganya mizani na nguvu siku tatu au zaidi. Kipimo cha "wastani" ni rahisi: mtu anaweza kuzungumza lakini hawezi kuimba. Mwongozo huo huo unasema asiyeweza kufikia kiasi hicho afanye anachoweza, na kwamba kidogo ni bora kuliko sifuri. Kwa mzee wa kwenye makazi, dakika 150 zinaweza kuonekana kama hadithi. Anzeni na kumi.

Mizani nayo haikai mahali pamoja. Ubongo huchanganya habari za macho, za sikio la ndani na za nyayo. Mzee mwenye mtoto wa jicho amepoteza shahidi mmoja. Mwenye kisukari cha siku nyingi, ambaye nyayo zimekufa ganzi, amepoteza wa pili. Wanaobaki wanaweza kufundishwa kufanya kazi zaidi, lakini kwa kuujaribu usimamaji wenyewe: kusimama miguu imeshikana, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine kisigino kikigusa vidole, kisha mguu mmoja, ukuta ukiwa karibu na mtu akiwa pembeni. Kutembea barabara tambarare peke yake hakufundishi haya vya kutosha.

Kuanguka, na hofu ya mlezi

Hapa ndipo mambo yanapogongana, na nadhani ndiyo sababu makazi mengi yanaogopa. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotoka mwaka 2019 yalikuta kwamba mazoezi hupunguza matukio ya kuanguka kwa takriban asilimia 23 kwa wazee wanaoishi majumbani mwao. Lakini kwa wazee walio kwenye nyumba za kulelea, majibu ya tafiti hayakubaliani. Kwingine kuanguka kunapungua, kwingine hakuna tofauti.

Sababu moja ni kwamba hao wa kwenye makazi wamefika wakiwa dhaifu zaidi, na magonjwa manne matano kwa mkupuo. Sababu nyingine ni hesabu tu: aliyekaa haanguki. Mama aliyekuwa anakaa kutwa, akishapata nguvu ya kuinuka, ataanza kwenda mwenyewe mlangoni kuota jua, na kila hatua ni nafasi ya kujikwaa. Mlezi anaijua hesabu hii vizuri kuliko mtafiti, kwa sababu mzee akivunjika nyonga ni yeye atakayeulizwa alikuwa wapi. Anayesema "keti, mama" mara nyingi anajilinda, na simlaumu.

Ila kiti nacho kinaua, kwa polepole: vidonda vya kulalia, kufunga choo, kifua kujaa, kuganda kwa damu miguuni. Basi njia si kuchagua kati ya kukaa na kuanguka. Ni kuanza na mizani kabla ya matembezi marefu, na wakati huo huo kuisafisha njia. Ndala zilizolegea zibadilishwe na viatu vinavyoshika kisigino. Kitenge kinachoburuta kipandishwe. Mkeka uliojikunja pembeni utolewe. Taa iwepo kati ya kitanda na choo. Masika, njia ya chooni iwekewe changarawe, maana tope la Tukuyu halimwonei huruma hata kijana. Na dawa ziangaliwe upya: za usingizi, na za presha zinazomfanya mzee aone giza akisimama ghafla. Huyo afundishwe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe vifundo vya miguu, ahesabu mpaka thelathini, ndipo asimame.

Sitaacha kusema neno juu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Najua babu wa Iringa hatanisikia, lakini bilauri mbili juu ya kidonge cha presha, kisha njia ya mteremko jioni, ni mwaliko wa nyonga kuvunjika. Mazoezi asubuhi hayafuti hilo.

Ana presha, ana magoti, amewahi kupooza

"Ana presha, asijichoshe." Sentensi hii imewakalisha wazee wengi kuliko ugonjwa wenyewe. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliowapima watu wa miaka 70 na zaidi walikuta takriban saba kati ya kumi wana shinikizo la juu la damu, na kwa wengi halikuwa limedhibitiwa. Presha ikiwa sababu ya kukaa, basi karibu wazee wote wakae. Ukweli ni kwamba mazoezi ya mara kwa mara huishusha presha kwa pointi kadhaa, na ni nyongeza ya dawa, siyo mbadala wake. Cha kukwepa ni kubana pumzi wakati wa kuinua kitu. Mzee ahesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi. Ikiwa kipimo akiwa ametulia kinazidi 180 kwa 110, siku hiyo si ya mazoezi, ni ya kituo cha afya. Vivyo hivyo akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kumwishia hata hawezi kusema, au upande mmoja wa mwili kulegea ghafla: asimamishwe mara moja na apelekwe.

Magoti ndiyo kilio cha huku milimani, na maelezo ya mtaani ni kwamba "maji ya goti yamekauka", kwa hiyo ukilitumia litasagika zaidi. Gegedu, ile tabaka telezi na imara inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hulishwa na majimaji ya kwenye kiungo yanayoingia na kutoka kadiri goti linavyobanwa na kuachiwa, kama sifongo. Goti lisilotembezwa halilishwi. Na paja lenye nguvu hubeba mshtuko ambao vinginevyo ungeangukia mfupa. Maumivu kidogo yanayotulia kabla ya kulala si hatari. Goti likivimba na kuwaka kesho yake, punguzeni kiasi, msiache.

Kwa mwenye kisukari, msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu. Anayetumia insulini asianze na tumbo tupu, na awe na kitu kitamu karibu. Aliyepooza upande mmoja anahitaji mtaalamu wa fiziotherapia amwekee mpango, lakini hata yeye hatakiwi kukaa kusubiri mkono urudi wenyewe.

Na akili? Hapa ahadi zimepita ushahidi. Watu wanaoshughulisha mwili hupata ugonjwa wa kusahau kwa kiwango kidogo, hilo linaonekana kwenye tafiti nyingi. Lakini kwa ambaye tayari anao, jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2018 lilikuta mazoezi makali kiasi yaliwaongezea washiriki nguvu za mwili bila kuuzuia usahaulifu kuendelea. Kwa hiyo bibi anayemwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake asilazimishwe mazoezi kwa matumaini kwamba kumbukumbu zitarudi. Afanye kwa sababu atalala vizuri, atakuwa na moyo mweupe zaidi, na atakwenda chooni kwa miguu yake.

Siku yenyewe inavyokwenda huku kwetu

Mwezi wa sita mpaka wa nane, Mbeya iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari si mahali pa kumtoa mzee nje saa moja asubuhi. Baridi hukaza mishipa na kupandisha presha. Saa nne, jua likishagonga ukuta wa mashariki, ndiyo saa. Kabla ya hapo wazee wengi wamelizunguka jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa, jambo ambalo ni hatari peke yake. Kuwaondoa hapo tu ni faida.

Vifaa ni kiti imara ambacho mgongo wake umeegemezwa ukutani. Mzee anakaa, mikono kifuani, anasimama wima, anakaa polepole. Asiyeweza, kiti kiongezwe kimo kwa blanketi zilizokunjwa, na kadiri wiki zinavyopita blanketi zipunguzwe. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu ni kuhesabu mara ngapi anasimama kwa sekunde 30: mwanamke wa miaka 70 hadi 74 akiwa chini ya 10, mwanaume wa umri huo chini ya 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Kisha asimame akishika kizingiti cha dirisha na kunyanyua visigino. Kisha atembee ubavu kufuata ukuta. Kwa kunyoosha goti akiwa amekaa, soksi iliyojazwa mchanga na kufungwa kifundoni inatosha. Aongezewe mchanga pale anapomaliza mara kumi na bado anapiga soga.

Mlezi mwenye wazee 12 atasema muda haupo, na ana haki. Ndiyo maana napenda hesabu hii: kila mzee asimame na kukaa mara tano kabla ya kila mlo. Milo mitatu ni mara 15 kwa siku, mara 105 kwa wiki, na hakuna kipindi kilichoongezwa kwenye ratiba. Mengine yaingizwe kwenye kazi halisi. Maharage yachambuliwe watu wamesimama mezani. Bustani ya mboga iwe na matuta yaliyoinuliwa mpaka kiunoni. Jumamosi pigeni ngoma, na anayetaka kucheza achezee karibu na benchi.

Maharage yenyewe yaliwe pia, na dagaa wa Nyasa, mayai, maziwa, karanga. Wataalamu wengi wa lishe ya wazee wanataka gramu 1 mpaka 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Ugali na mchicha haviwezi kuzifikisha. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza.

Linabaki suala la nani amsimamie, na hapa mila inaingia. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakupaswa hata kukutana njiani na baba mkwe wake, na mabaki ya heshima hiyo yapo mpaka leo. Kumtaka huyo dada amshike baba mkwe kiunoni na kumwambia "inua mguu" ni kuwaaibisha wote wawili. Mjukuu hana shida hiyo. Mjukuu ana utani na babu yake, anaweza kumwambia, "Shikamoo babu, jana ulinishinda kwa mbili, leo sikubali," na babu akasimama mara nane bila kujua kwamba ameamriwa. Kwenye makazi, vijana wa kujitolea hufanya kazi ile ile, wakianza na "kamwene" au salamu yoyote ya kwao na siyo na filimbi.

Kwa bibi yetu tulianza na blanketi tatu kitini, na mara mbili tu. Baba mdogo alipigilia mti wa mkaratusi ukutani chooni, kimo cha kiuno, awe anajishikilia. Ilichukua karibu miezi mitatu kuondoa blanketi zote. Mwezi wa nane alishikwa na kifua, akalala siku tisa, na alipoamka hakuweza kusimama hata mara moja. Mjukuu akaenda kabatini kuzitoa zile blanketi. Bibi akamwambia alete mbili, ya tatu airudishe.